Mzee Aliyejidunga Ujana

Ni nadra, katika historia ya elimu ya tiba, kumpata mtu aliyejizolea heshima kubwa kama Charles-Édouard Brown-Séquard na kisha, uzeeni, akageuka kichekesho cha magazeti ya mabara mawili. Namkumbuka kila nionapo madukani mikebe ya unga na vidonge vinavyodaiwa kuongeza homoni ya kiume, maana wanafunzi wangu wamo miongoni mwa wanunuzi, na walimu wenzangu wa sekondari hunieleza kwamba hata wao wameanza kuikuta mikebe hiyo mabwenini.

Brown-Séquard alizaliwa mwaka 1817 katika mji wa Port Louis, kisiwani Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi. Babake, nahodha Mmarekani, alifia baharini kabla mwana hajazaliwa. Mamake, aliyekuwa wa asili ya Kifaransa, alimlea kwa kazi ya kushona nguo. Mwaka 1838 kijana alifika Paris akinuia kuwa mwandishi, akavunjwa moyo na waliosoma kazi zake, ndipo akaingia udaktari. Alihitimu mwaka 1846.

Tangu mwanzo alikuwa na tabia ya kuufanya mwili wake maabara. Alimeza sifongo zilizofungwa uzi, kisha akazivuta ili apate maji ya tumboni ya kuchunguza. Kipindupindu kilipoikumba Mauritius mwaka 1854, alirudi kuwatibu watu wa kwao, na inasimuliwa kwamba alimeza matapishi ya wagonjwa ili ajijaribie dawa mwenyewe. Wala hakuwa mzembe wa fikira. Ni yeye aliyeonyesha kwamba uti wa mgongo ukikatwa nusu, upande uliokatwa hupooza ilhali upande wa pili hupoteza hisia ya maumivu. Hali hiyo ingali inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1856 alithibitisha kuwa mnyama aliyeondolewa tezi zilizo juu ya figo hufa. Alifundisha Harvard, na mwaka 1878 akarithi kiti cha Claude Bernard katika Collège de France.

Kisha ikaja Juni 1889. Akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya Chama cha Biolojia mjini Paris na kutangaza kuwa alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na simbilisi. Hakutoa madai matupu, alitoa vipimo. Kwa chombo cha kupimia nguvu, mkono wake wa kulia uliokuwa ukifikia wastani wa kilo 34 na nusu sasa ulifikia 41. Aliweza kusimama maabarani saa kadhaa bila kutafuta kiti. Hata mkojo wake, alisema, uliruka mbali zaidi kuliko awali, naye alikuwa ameupima kwa makini yale yale.

Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha daftari lililofanana sana na taarifa hiyo: tarehe, uzito wa mwili, idadi ya mara alizoinua chuma, saa za usingizi, yote tangu siku alipoanza kunywa unga wake. Nilimuuliza kama namba hizo zisingepanda iwapo mkebe ungekuwa na unga wa muhogo. Alicheka, lakini hakuwa na jibu, kwa kuwa daftari halikuwa na jibu. Mtu anayeminya chombo akijua kwamba jana alidungwa dawa huminya kwa matumaini, na matumaini nayo yana misuli. Brown-Séquard mwenyewe aliiona hatari hiyo, akawaomba wazee wenzake wa sayansi warudie jaribio. Hata hivyo, wengi waliofuata walikuwa wauzaji na watumiaji badala ya wapimaji.

Sisi wanaisimu tuna la kuongeza hapa. Neno homoni lilianza kutumiwa mwaka 1905, na testosteroni ikapewa jina mwaka 1935. Mzee huyu alikuwa akikitafuta kitu ambacho lugha haikuwa bado na jina lake. Katika Kiswahili tatizo ni kinyume. Tuna fungu la maneno, nguvu za kiume, pana mno hata likabeba misuli, ushujaa na mambo ya chumbani kwa pamoja. Muuzaji hulipenda kwa upana wake huo, kwani mnunuzi hawezi kusema ni nguvu ipi iliyokosa kuja.

Korodani hutengeneza testosteroni lakini haziiweki akiba, na homoni hiyo haiyeyuki vyema majini. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walitengeneza upya maji hayo kwa korodani za mbwa, wakakuta homoni iliyomo ni chache mno kuweza kuleta athari yoyote.

Brown-Séquard alifariki Paris mwaka 1894. Wazo lake kwamba tezi humimina damuni vitu vinavyouendesha mwili lilikuwa sahihi. Mwaka 1891, huko Newcastle, daktari George Murray alimdunga mwanamke mgonjwa maji ya tezi ya shingo ya kondoo. Uvimbe wa uso ukapungua, usemi wake uliokuwa mzito ukawa mwepesi, na mwanamke huyo akaishi akitumia dawa ya tezi hiyo hadi mwaka 1919.