Mtakatifu Charles de Foucauld na Kanuni Yake ya Maisha

Katika furaha ya yubilei yetu twawakumbuka wale waliotutangulia katika imani. Shirika la Mapadri Weupe lilianzishwa huko Alger mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, na mwaka 1879 wamisionari wake walifika Ziwa Tanganyika. Katika nchi ile ile ya Algeria aliishi baadaye padri mwingine, ambaye hakuwa mmoja wa shirika lile, lakini alitumika chini ya mkubwa wao wa Sahara. Ndiye Mtakatifu Charles de Foucauld. Tunasimulia maisha yake kwa sababu wengi wetu hutamani kuwa na kanuni ya maisha, yaani saa ya sala, saa ya kazi na saa ya jirani, kisha tunashindwa kuishika.

Charles alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1858. Mwaka 1864 alifiwa na baba na mama, akalelewa na babu yake. Katika ujana wake alipoteza imani. Alipokuwa ofisa wa jeshi alitapanya mali yake katika anasa. Miaka ya 1883 na 1884 alipita Maroko akivaa kama Myahudi ili asitambulikane, na kule sala ya Waislamu ilimgusa moyo. Mwisho wa Oktoba 1886, mjini Paris, alimwendea Padri Huvelin katika kanisa la Saint-Augustin, akaungama na kupokea Komunyo. Tangu siku ile aliazimu kuishi kwa ajili ya Mungu tu.

Mwezi wa Januari 1890 aliingia kwa Watrapisti wa Notre-Dame-des-Neiges, na mwaka ule ule akatumwa Akbès, upande wa Siria ya zamani zile. Watrapisti hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayogawanya siku kati ya sala, masomo matakatifu na kazi ya mikono. Lakini mwaka 1894 alitumwa kusali karibu na maiti ya Mkristu maskini wa kijiji cha jirani. Alipolinganisha nyumba ile na monasteri, alitamani umaskini wa Yezu wa Nazareti. Mwaka 1896 aliandika kanuni yake mwenyewe kwa ajili ya ndugu aliowatumaini. Padri Huvelin aliisoma, akaogopa ukali wake, akamsihi asiwatwike watu wengine mzigo ule.

Mwaka 1897 Charles aliondoka kwa Watrapisti, akawa mtumishi wa Masista Waklara huko Nazareti, akilala katika kibanda cha mbao. Aliandika kanuni tena. Tarehe 9 Juni 1901 alipewa upadri huko Viviers, na mwaka ule ule akaenda Beni Abbès, jangwani. Alipanga mawe kuzunguka nyumba yake yawe mpaka wa mtawa, akajiwekea saa za kila jambo tangu kabla ya mapambazuko. Lakini watumwa, maskini, wasafiri na askari walibisha mlango bila kujali saa. Kulikuwa na siku za wageni 60 hadi 100. Padri Charles hakufunga mlango. Aliamka mapema zaidi ili asali, na mchana akawapokea, akitaka nyumba ile iitwe Udugu.

Mwaka 1905 alihamia Tamanrasset, kati ya Watuareg, akajifunza lugha yao na kuitungia kamusi kubwa. Mwenzake mmoja tu alimfuata, akamwacha baada ya miezi michache. Mwanzoni mwa 1908, wakati wa ukame, Padri Charles aliugua sana, asiweze hata kusimama. Majirani zake, ambao wenyewe walikuwa na njaa, walimtafutia maziwa ya mbuzi, akapona. Aliyekuja kusaidia akasaidiwa, na hivyo alijifunza urafiki ambao hakuuandika katika kanuni yoyote.

Mwaka 1909 alianzisha umoja wa mapadri, watawa na walei, ambao kila mmoja angefuata Injili pahali pake, nyumbani au kazini, akiheshimu Ekaristi na kuhubiri kwa wema. Alipouawa na watu wenye silaha tarehe 1 Desemba 1916, walioandikishwa hawakufika 50, na hakuna hata mmoja aliyeishi pamoja naye. Mtu angeweza kusema kwamba kazi yake ilikufa pamoja naye. Lakini mwaka 1933 walianza Ndugu Wadogo wa Yezu, na mwaka 1939 Dada Wadogo wa Yezu. Tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu.

Ndugu wapendwa, tusiandike kanuni nzito inayotushinda juma la kwanza. Tuchague mambo machache: sala ya asubuhi, kusoma Injili, kazi ya uaminifu, Misa ya Dominika. Tuyashike kila siku. Na jirani akibisha hodi saa ya sala, tukumbuke mlango wa Beni Abbès. Mtakatifu Charles atuombee.