Mtoto Aliyesahau Jina Lake

Ziko koo nyingi katika nchi yetu ambazo wazee wake, wakihesabu nasaba, hufika kwa babu au bibi fulani kisha hunyamaza. Huyo, wasema, aliletwa angali mtoto, na kwao hakujulikani. Wengine hawapendi kuulizwa zaidi, maana huona haya, kana kwamba kukosa nasaba ni hatia ya yule aliyeibwa. Kwa ajili ya jamaa hizo, na kwa faida ya wazazi Wakristo wote, tumeona vema kueleza habari za mtoto mmoja wa Afrika aliyepotezwa kwao namna hiyo hiyo, naye leo ni mtakatifu wa Kanisa: Yosefina Bakhita, ambaye sikukuu yake ni tarehe 8 Februari.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, nchi ya Darfur, upande wa magharibi wa Sudan. Baba yake alikuwa mtu mwenye heshima, ndugu wa mkuu wa kijiji. Alikuwa na kaka na dada, na yeye mwenyewe alizaliwa pacha. Hakuwa yatima, hakutupwa, wala wazazi wake hawakumwuza kwa sababu ya njaa. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana mara nyingi watu hudhani kwamba mtoto aliyetengwa na jamaa yake alikuwa hatakiwi. Bakhita alitakiwa na kupendwa, naye aliikumbuka furaha ya nyumba ile mpaka uzee wake.

Basi, kwa nini alitengwa nao? Chanzo chake kilianza mbali, kama miaka hamsini kabla ya kuzaliwa kwake. Mwaka 1820 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alituma majeshi yake Sudan kutafuta dhahabu na watu wa kuwatia katika jeshi lake. Baadaye wafanyabiashara wa pembe za ndovu wakajenga maboma yao upande wa kusini, wakauza pembe na watu pamoja. Mwaka 1874 jeshi la Zubeir, tajiri mkubwa wa biashara ya watumwa, likauangusha usultani wa Darfur, nchi ikawekwa chini ya Misri. Katika miaka hiyo vijiji vilikosa ulinzi. Siku moja, watu wakiwa mashambani, washambulizi walikiingia kijiji cha Olgossa wakamchukua dada mkubwa wa Bakhita. Kilio cha mama yake siku ile hakikumtoka masikioni.

Kama mwaka 1877 zamu yake ikafika. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Uingereza na Misri zilitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa. Lakini mkataba uliotiwa sahihi mjini ulikuwa mbali sana na njia za Darfur. Na maadamu wanunuzi wangalipo, wezi hawakukosekana. Kufunga soko si kazi ya karatasi peke yake.

Mtoto huyo, ambaye hakuwa amezidi sana miaka minane, alikuwa akitembea nje ya kijiji pamoja na mwenzake. Wakatokea wanaume wawili wageni. Mmoja akamwambia yule mwenzake atangulie njia yake, akamwomba Bakhita amletee furushi alilolisahau kichakani. Mtoto aliyefundishwa kuwatii wakubwa akaenda mara moja. Huko kichakani akakamatwa, akaonyeshwa kisu na bastola, akanyamaza kwa hofu. Walipomwuliza jina lake hakuweza kulitamka. Ndipo wakamwita Bakhita, neno la Kiarabu maana yake mwenye bahati. Jina alilopewa na mama yake halikumrudia tena. Hofu ilikuwa imelifuta.

Akafungiwa katika chumba chenye giza muda wa kama mwezi mmoja, kisha akauzwa. Katika safari alipata kutoroka usiku pamoja na msichana mwingine, wakakimbia porini wakiwatafuta wazazi wao. Wakakutana na mtu aliyewaahidi kuwarudisha kwao. Lakini aliwafungia katika zizi la kondoo, akawauza kwa mfanyabiashara aliyekuwa akipita. Hivyo akafika El Obeid, akatumikishwa katika nyumba ya tajiri mmoja, ambaye mwanawe alimpiga hata akalala zaidi ya mwezi hawezi kuinuka. Akauzwa tena kwa jemadari wa Kituruki. Humo, kwa amri ya mke wa jemadari, alichanjwa mwilini kwa wembe chale 114, na majeraha yakasuguliwa chumvi ili alama zisifutike.

Tuwahesabu watu hawa, ndugu wasomaji. Yuko aliyemtuma kichakani, yuko aliyemnunua, yuko aliyemfungia zizini, yuko tajiri, yuko jemadari na mkewe. Hapana hata mmoja aliyeitenda kazi yote. Kila mmoja alitenda sehemu yake akapokea faida yake, na kila aliyefuata aliweza kujituliza moyo kwamba si yeye aliyemtoa mtoto kwao. Hivyo ndivyo mtoto hupotea: maovu ya watu wengi hushikamana kama pete za mnyororo, kila pete ikijiona kuwa ni ndogo.

Mwaka 1883 huko Khartoum akanunuliwa na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia. Katika nyumba hiyo hakupigwa, akavikwa nguo. Lakini hata kama mtu angetaka kumrudisha kwao, mtoto asiyelijua jina lake angemwonyesha njia gani? Tena nchi ilikuwa imewaka vita: El Obeid ilitekwa na watu wa Mahdi mwanzo wa mwaka 1883, na Khartoum ikaanguka mwezi wa Januari 1885. Balozi huyo alipokimbilia kwao, Bakhita alimwomba amchukue. Wakafika Italia mwaka 1885, na hapo akatolewa kama zawadi kwa jamaa ya Michieli, rafiki za balozi, akawa yaya wa binti yao mdogo. Hata mikono ya upole ilikuwa ingali ikimhamisha kama mali.

Walakini, kama vile uovu ulivyopitia mikono mingi, ndivyo na wema ulivyofanya. Illuminato Checchini, msimamizi wa mali za jamaa hiyo, alimpa msalaba mdogo na kumwelekeza kwa Masista Wakanosa wa Venice. Mama wa nyumba aliposafiri kwenda Sudan, mwaka 1888, Bakhita na mtoto aliyemlea wakawekwa kwa Masista hao, akaanza kufundishwa dini. Alipojua kwamba yuko Baba aliyemwumba na kumpenda, alikumbuka jinsi alivyolitazama jua na nyota utotoni na kujiuliza ni nani mwenye vitu hivyo.

Mama wa nyumba akarudi, akataka kumchukua waende Afrika. Msichana huyu, aliyezoea kutii kila amri, akakataa. Shauri likawa kubwa. Patriarka wa Venice, Kardinali Domenico Agostini, akasimama upande wake, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, kwa hiyo yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akapokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza, akaitwa Yosefina. Tangu siku hiyo mara nyingi alionekana akilibusu bakuli la ubatizo, maana hapo alipata jina ambalo hakuna mwizi awezaye kuliondoa.

Akaweka nadhiri za kitawa tarehe 8 Desemba 1896. Mwaka 1902 akapelekwa katika mji wa Schio, akakaa huko karibu maisha yake yote, akipika, akidarizi, akiitunza sakristia, na mwishoni akiwa bawabu wa konventi. Watoto waliokuja mlangoni aliwawekea mkono kichwani na kuwabariki. Kwa amri ya wakubwa wake alisimulia habari za maisha yake, zikaandikwa mwaka 1910, na tena zikachapwa katika kitabu mwaka 1931. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Katika ugonjwa wa mwisho, akili ikimrudisha nyuma, alimsihi muuguzi ailegeze minyororo yake. Kisha akatulia, akamtaja Mama Maria, akazimia moyo kwa amani. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1992, na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Yajulikana kwamba alisema kuwa angekutana na wale waliomwiba angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila hayo asingekuwa Mkristo wala mtawa. Maneno hayo tusiyaelewe vibaya. Hakusema kwamba wizi wa watoto ni jambo jema. Alisamehe kwa sababu lilikuwa ovu la kusamehewa. Na Mungu aliyemtoa humo hakuwa mshiriki wa walionunua na kuuza. Pacha wake, mama yake na baba yake walibaki Olgossa bila habari yake yoyote. Deni hilo hakuna mtu aliyewalipa.

Habari hizi si za Darfur peke yake. Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868, walipokelewa watoto wengi waliokombolewa utumwani, na jamaa nyingi za Kikristo zilianzia kwao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na baada ya hapo watoto wakaendelea kuibwa, kama ilivyokuwa Sudan. Naye Daktari Adriani Atiman, aliyewatibu wagonjwa wa Karema tangu mwaka 1889 na kufariki mwaka 1956, aliibwa utotoni karibu na mto Niger, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Mwenye babu au bibi wa namna hiyo asione haya. Aibu ni ya mnunuzi, wala si ya mtoto.

Lakini hatutamheshimu Mtakatifu huyu kwa kuyasikitikia ya zamani tu. Tangu mwaka 2015 Kanisa limeifanya sikukuu yake kuwa siku ya sala kwa ajili ya wanaouzwa na kutumikishwa. Hata leo huja vijijini mgeni mwenye maneno mazuri, akiahidi kwamba binti atasomeshwa mjini, na binti huishia jikoni kwa watu, bila shule, bila mshahara, bila njia ya kuwapelekea wazazi habari. Furushi la kichakani limebadilika sura tu. Wazazi, msimkabidhi mtoto kwa mtu msiyemjua kwake na kazi yake. Mfundisheni mtoto jina la baba yake na mama yake, kijiji chake na parokia yake, tangu aanzapo kusema. Nanyi mlio na mtumishi mdogo nyumbani, mwulizeni leo hii jina lake kamili na kwao ni wapi, mkampe nafasi ya kuzungumza na wazazi wake. Asiyeuliza huingia katika ule mnyororo bila kujua, na aulizaye aweza kuwa pete ya kwanza kukatika.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.