Joseph Ossanna: Mtumishi wa Kitabu cha Maelekezo

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Wakazi wa Busia na Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya, wanaielewa vyema kauli hiyo. Tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia orodha mpya ya ushuru wa pamoja wa forodha, na daraja la nne la asilimia 35 likaongezwa juu ya madaraja ya 0, 10 na 25. Wakala wa forodha aliyeendelea kufungua orodha ya zamani pale Busia, au pale Malaba wilayani Tororo, alijitafutia hasara. Kitabu cha kazi kisichosahihishwa humpotosha anayekiamini.

Katika ulimwengu wa kompyuta, mtu mmoja alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ili masahihisho ya namna hiyo yawe kazi nyepesi. Naye ni Joseph Ossanna.

Alizaliwa tarehe 10 Desemba 1928 mjini Detroit, Marekani. Mwaka 1952 alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Wayne State, kisha akaajiriwa na Maabara ya Bell, jimboni New Jersey. Huko alishiriki katika mradi mkubwa ulioitwa Multics. Maabara ilipojitoa katika mradi huo mwaka 1969, wenzake Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix, yaani programu kuu inayoitawala kompyuta na kuzipangia zamu programu nyingine.

Wataalamu hao walikuwa na maarifa tele, lakini mashine yao ilikuwa dhaifu. Ossanna alikuwa mstari wa mbele katika shauri la kununua kompyuta ya PDP-11, iliyokadiriwa kugharimu dola 65,000 hivi, kwa hoja kwamba ingetumika kutayarisha maandishi. Shauri likakubaliwa. Katika nusu ya pili ya mwaka 1971, wapiga chapa watatu wa idara ya hataza walikuwa wakiandika maombi yao kwa mashine hiyo.

Tarehe 3 Novemba 1971 kilitoka kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix. Kila amri ilipewa ukurasa wake wenye tarehe, na mwishoni ikawekwa sehemu ya kutaja kasoro zinazojulikana. Kwa kuwa maandishi yalihifadhiwa ndani ya kompyuta, ukurasa uliweza kusahihishwa bila kupiga chapa upya kitabu kizima. Ossanna aliitengenezea kazi hiyo nyenzo bora zaidi: kwanza programu ya nroff, kisha troff, iliyopanga herufi kwa mtambo wa uchapaji. Hadi Januari 1979 kitabu hicho kilikuwa kimefikia toleo la saba.

Mwaka 1976 Ossanna alitoa mwongozo wa kuzitumia nroff na troff. Alikusudia pia kuiandika troff upya, lakini mauti yalimfika tarehe 28 Novemba 1977, akiwa na umri wa miaka 48. Hapo ndipo pengo lilipoonekana. Watumiaji walikuwa na mwongozo, bali ndani ya programu yenyewe, yenye maelfu ya mistari, maelezo kwa mafundi yalikuwa haba mno. Mwaka 1979 Brian Kernighan aliichukua kazi hiyo ngumu, akaifanya troff itumike kwa mitambo ya aina mbalimbali. Na mwaka 1992 aliusahihisha mwongozo wa marehemu.

Maisha ya Ossanna yana mafunzo mawili. Kwanza, kukiri kasoro kwa maandishi si aibu. Ni kumlinda atakayefuata. Pili, fundi hodari naye ana wajibu wa kuandika anayoyajua angali hai. Askari haachi lindo kabla ya kumkabidhi mwenzake taarifa kamili. Vivyo hivyo karani wa forodha, mhandisi wa kiwanda na mwalimu: kila mmoja hana budi kuacha daftari lililo sahihi.