Maisha ya Solomon Plaatje, Mwandishi wa Magazeti

Solomon Tshekisho Plaatje, mtu wa kabila la Barolong, alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876 katika nchi ya Orange Free State, Afrika ya Kusini. Wazazi wake walikuwa Wakristo, naye alilelewa Pniel, kituo cha Misioni ya Berlin, misioni ile ile iliyofika Unyakyusa mwaka 1891. Masomo yake ya shuleni yalikuwa machache. Lakini mmisionari na mkewe walimfundisha zaidi, na angali kijana akawa mwalimu msaidizi.

Mwaka 1894 alikwenda Kimberley, akawa tarishi wa posta. Kwa bidii yake alijua lugha nyingi, hata mwaka 1898 akawekwa kuwa mkalimani wa korti mjini Mafeking. Makaburu walipouzingira mji huo kwa siku 217, aliandika habari za siku hizo katika daftari, nalo lilipigwa chapa mwaka 1973, yeye akiisha kufa zamani.

Vita ilipokwisha aliacha kazi ya serikali, akawa mhariri wa Koranta ea Becoana, gazeti la Kitswana na Kiingereza. Fedha zilikuwa haba, madeni mengi, wala hakukata tamaa. Mwaka 1912 alichaguliwa kuwa katibu wa kwanza wa chama kilichoitwa baadaye African National Congress.

Mwaka 1913 ikatoka Sheria ya Ardhi. Waafrika walikatazwa kununua au kukodi ardhi nje ya sehemu walizotengewa, nazo hazikuzidi sana 7 katika kila 100 za nchi. Waliolima kwa kugawana mavuno na Wazungu walifukuzwa pamoja na mifugo yao. Plaatje alipanda baiskeli akawafuata njiani wakati wa baridi, akawakuta watu waliomzika mtoto wao usiku kwa siri, maana hawakuwa na mahali pa kaburi.

Basi mwaka 1914 alivuka bahari pamoja na wenzake kwenda kuisihi serikali ya Uingereza, isiwasaidie. Wenzake wakarudi, yeye akabaki, na mwaka 1916 akatoa kitabu, Native Life in South Africa. Alisafiri tena mwaka 1919, akafika hata Marekani. Akiwa huko, mwaka 1921, binti yake Olive akafariki.

Baadaye alizifasiri kwa Kitswana tamthilia za Shakespeare, mojawapo Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere naye aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963. Plaatje alifariki tarehe 19 Juni 1932, akazikwa Kimberley. Sheria ile ilifutwa mwaka 1991.

Enyi walimu, mtu huyu hakuyaona matunda ya kazi yake; hata hivyo aliiandika kweli, na kilio cha wale waliofukuzwa hakikupotea. Tuwafundishe watoto wetu kusoma na kuandika kwa moyo huo, tukimwachia Mungu siku ya mavuno.