Harold Ridley, mganga aliyerudisha lenzi ndani ya jicho

Katika makanisa yetu ya mashariki tunaombea watoto wachanga wengi kila mwaka, na mara nyingine tunapokea mikononi mtoto mwenye alama nyeupe katikati ya mboni ya jicho. Mama anasema labda ni maziwa yaliyomwingia wakati wa kunyonya. Bibi anasema itatoka yenyewe. Hospitalini wanaiita katarakti, ni kusema mtoto wa jicho: lenzi, ile sehemu safi ya ndani inayokusanya mwanga, imeingia ukungu. Tumezoea kuona ugonjwa huu kwa wazee, lakini mtoto naye anaweza kuzaliwa nao. Leo inawezekana kutoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya plastiki mahali pake. Aliyefungua njia hiyo ni Mwingereza Harold Ridley, na wenzake wengi walimpinga miaka mingi kwa ajili yake.

Ridley alizaliwa tarehe 10 Julai 1906 katika jimbo la Leicestershire. Baba yake alikuwa mganga wa jeshi la majini, kisha akawa mganga wa macho. Harold mwenyewe alikuwa na kigugumizi, akajitahidi sana kukificha. Alisoma Cambridge, halafu kwenye hospitali ya St Thomas' mjini London, na mwaka wa 1938 akapata kazi Moorfields, hospitali ya macho yenye sifa kubwa huko Uingereza.

Vita ya pili ya dunia ilimfundisha mambo mawili. La kwanza linatugusa sisi. Jeshi lilimtuma Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na huko kaskazini, katika kijiji cha Funsi, alikuta watu wengi waliopofushwa na ugonjwa unaoletwa na nzi wadogo wa mtoni. Aliwapima, akachora kwa mkono mambo aliyoyaona nyuma ya macho yao, na mwaka wa 1945 akatoa andiko ambalo wachunguzi wa ugonjwa huo walilitumia kwa muda mrefu. Ni ugonjwa uleule ambao ndugu zetu wa Tshopo, Ituri na Maniema wanameza Mectizan ili kuuzuia. Wengi wanaomtaja Ridley husahau sehemu hii ya kazi yake. Sisi hatukutaka kuiruka.

Jambo la pili lilitoka kwa marubani wa ndege za vita. Vioo vya ndege zao vilikuwa vya plastiki ngumu iitwayo Perspex. Tarehe 15 Agosti 1940 rubani Gordon Cleaver alipigwa risasi angani, na vipande vya plastiki hiyo vikamwingia machoni. Alipasuliwa mara nyingi. Ridley aliangalia macho ya marubani wa namna hiyo akaona jambo la ajabu: kipande cha chuma au mti kikiingia ndani ya jicho, jicho huwaka na kuvimba, lakini vipande vya Perspex vilikaa mle kimya, miezi na miaka, bila jicho kuvikataa.

Alikaa na wazo hilo muda mrefu. Siku hizo mgonjwa wa katarakti alitolewa lenzi tu, na mahali pake pakabaki patupu. Alipewa miwani minene kama kitako cha chupa, iliyofanya kila kitu kionekane kikubwa kupita kiasi na kando kando kusionekane vizuri. Aliyepasuliwa jicho moja aliteseka zaidi, kwa kuwa macho yake mawili yalileta picha mbili za ukubwa tofauti. Kisha siku moja mwanafunzi aliyekuwa akitazama upasuaji alishangaa kwamba mganga anatoa lenzi na harudishi kitu. Swali la mtu asiyejua kazi! Lakini kwa Ridley ndilo lililomsukuma kuanza. Alimwendea John Pike wa kampuni ya Rayner, na kiwanda cha ICI kikawatengenezea Perspex iliyo safi zaidi.

Tarehe 29 Novemba 1949, kwenye St Thomas', alianza kazi hiyo katika jicho la mwanamke mmoja, na mwezi wa Februari 1950 lenzi ikabaki humo moja kwa moja. Hesabu ya nguvu yake ilikosewa sana. Walikuwa wamefuata umbo la lenzi ya mwanadamu, kumbe plastiki inapinda mwanga zaidi, na mama yule akawa anaona vitu vya karibu mno tu. Hata hivyo jicho liliipokea. Zile zilizofuata zilirekebishwa.

Ridley aliendelea kwa siri, akitaka kukusanya wagonjwa wa kutosha kwanza. Siri ikatoka kwa njia ya kuchekesha: mgonjwa wake mmoja alikwenda kwa bahati mbaya kwa mganga mwingine wa macho aliyeitwa Ridley vilevile. Basi mwezi wa Julai 1951 akalazimika kusimama mbele ya waganga wenzake huko Oxford, akiwa ameleta wagonjwa wake. Duke-Elder, mganga wa macho mwenye sauti kubwa kuliko wote Uingereza wakati ule, alikataa hata kuwaangalia. Mwaka uliofuata, huko Chicago, alipata upinzani mkali tena. Kazi yote ya waganga wa macho ilikuwa kutoa vitu vigeni ndani ya jicho, na huyu alikuja na kuweka kimoja!

Lazima tuwe wa haki: wapinzani wake hawakuwa wajinga. Lenzi za kwanza zilikuwa nzito. Nyingine zilianguka nyuma ndani ya jicho, nyingine zilileta uvimbe au presha ya jicho, na kuna zilizotolewa tena. Lakini kukataa kumwangalia mgonjwa anayeona ni jambo jingine kabisa. Walioandika maisha yake wanasema alipitia huzuni nzito. Mwaka wa 1966 yeye na Peter Choyce walianzisha chama cha waganga wachache waliokuwa bado wakiamini kazi hii. Mwaka wa 1971 alistaafu, wakati wengi walikuwa bado wanamwona kama mtu aliyekosea.

Kwa watoto njia ilikuwa ngumu zaidi, na hapa wazazi watusikilize vizuri. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, na la mtu mzima 23 au 24. Lenzi inayolifaa leo haitalifaa kesho. Kwa hiyo waganga hupunguza nguvu ya lenzi kwa makusudi, na miwani hujaza pengo huku jicho likikua. Kwa wachanga wa miezi ya kwanza, wengi hutoa lenzi chafu mapema na kungoja mtoto akue kidogo kabla ya kuweka ya plastiki.

Kinachoharakisha yote ni ubongo. Kuona ni jambo ambalo ubongo hujifunza katika miezi na miaka ya kwanza. Ukungu ukizuia mwanga wakati huo, ubongo hauliangalii tena jicho lile, na lenzi nzuri ya miaka kumi baadaye inaingia katika jicho safi ambalo bado halioni vizuri. Mzee wa miaka 70 anaweza kungoja mwaka mzima barabara ipitike, halafu apasuliwe na aone. Mtoto aliyezaliwa na katarakti nzito hesabu yake ni majuma. Tunaombea watoto hawa na tutaendelea, lakini mchungaji anayemwambia mama angoje kwanza mfungo uishe anamnyima mtoto siku ambazo hazirudi. Na baada ya kupasuliwa, mtoto mwenye jicho moja dhaifu hufunikwa lile zima saa kadhaa kila siku, ili dhaifu lilazimike kufanya kazi. Atalia na kukibandua kitambaa. Wazazi wengi huchoka hapo.

Ridley hakudai malipo kwa kila lenzi iliyouzwa. Hata hivyo kwa muda mrefu bei ilibaki ya watu wa nchi tajiri, mpaka miaka ya 1990, wakati Aurolab huko Madurai, India, na viwanda vilivyosaidiwa na shirika la Fred Hollows huko Nepal na Eritrea vilipoishusha hadi dola chache. Bila hiyo, hospitali nyingi za Afrika zisingeanza kabisa.

Mwaka wa 1986 Royal Society ilimpokea Ridley kuwa mshiriki wake. Mwanzoni mwa 2000 malkia Elizabeth alimpa heshima ya kuitwa Sir, akiwa na miaka 93. Karibu miaka kumi kabla ya hapo katarakti ilikuwa imemshika yeye mwenyewe, akapasuliwa macho yote mawili kwenye St Thomas', hospitali ileile ya mwaka wa 1949. Alifariki tarehe 25 Mei 2001, akiwa na lenzi ya plastiki katika kila jicho.