Theodor Kocher: Mpasuaji aliyewaita upya wagonjwa aliowaponya

MWANZONI mwa miaka ya 1880, ni wapasuaji wachache mno barani Ulaya walioaminiwa kukata rovu kama Profesa Theodor Kocher wa mji wa Bern, nchini Uswisi. Wagonjwa waliingia kwake shingo zikiwa zimefura hata kupumua kukawa shida, wakatoka na kovu jembamba. Kisha akabaini kwamba wengi wa wale aliodhani amewaponya alikuwa amewaharibu.

Kocher alizaliwa mjini humo Agosti 25, 1841, babake akiwa mhandisi. Alihitimu udaktari mwaka wa 1865, akazuru Berlin, London na Paris ili kutazama mabingwa wa enzi hiyo wakifanya kazi. Mnamo 1872, kabla hajatimiza umri wa miaka 31, aliteuliwa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Bern.

Rovu, ambalo wengi wetu tunaliita goita, lilikuwa janga la nchi yake. Udongo wa milima ya Alps una iodini haba, na katika mabonde mengi ilikuwa kawaida kuona watu wenye uvimbe shingoni, na watoto waliozaliwa viziwi au wenye akili zilizodumaa. Kulikata kuliogopwa. Tezi dundumio, iliyo mbele ya koo, ina mishipa mingi ya damu, na mnamo 1850 Chuo cha Tiba cha Ufaransa kilikuwa kimekataza upasuaji huo. Kocher hakuwa na pupa. Alizingatia usafi, akafunga kila mshipa kabla ya kuukata, na vifo vikapungua mwaka baada ya mwaka.

Mnamo Septemba 1882 alikutana na mpasuaji mwenzake kutoka Geneva, Jacques-Louis Reverdin, aliyemsimulia kwamba baadhi ya watu aliowatoa tezi yote walidhoofika miezi kadhaa baadaye. Kocher alikumbuka msichana wa miaka 11 aliyempasua mwaka wa 1874, ambaye daktari wake alikuwa amearifu kwamba tabia yake imebadilika. Wakati huo hakuifuatilia habari hiyo. Sasa aliwaandikia wagonjwa wake wa zamani warudi awatazame.

Kati ya 18 waliokuwa wametolewa tezi yote na wakachunguzwa, 16 walikuwa taabani. Watoto walikuwa wameacha kukua. Nyuso zilikuwa zimevimba, mikono baridi, usemi mzito, na fikra zikienda kwa kujikokota. Yule msichana alikuwa mmoja wao. Mnamo Aprili 1883 Kocher alisimama mbele ya mkutano wa wapasuaji jijini Berlin na kuyaeleza hayo yote, kisha akatangaza kwamba hatatoa tena tezi yote kwa sababu ya rovu la kawaida. Reverdin alilalamika, na ana haki yake katika historia, kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuona. Hata hivyo, si wengi ambao wangeita ushahidi dhidi ya kazi yao wenyewe wakiwa katika kilele cha sifa.

La kusikitisha ni kwamba ustadi wake ndio uliowaponza. Mmarekani William Halsted, aliyewahi kuwatazama wapasuaji wa Ulaya, alieleza baadaye kwamba waliofanya kazi kwa haraka waliacha vipande vya tezi, navyo viliwaokoa wagonjwa. Kocher hakuacha kitu.

Alichokuwa ameondoa kilianza kueleweka taratibu. Mnamo 1895 mwanakemia Mjerumani Eugen Baumann aligundua iodini ndani ya tezi hiyo. Leo inajulikana kwamba seli zake huichota kutoka kwenye damu, ikiwa katika umbo la iodaidi, kupitia protini inayofanya kazi kama mlango: chembe mbili za sodiamu huingia na kuivuta moja ya iodaidi. Jeni ya mlango huo ilitambuliwa mwaka wa 1996. Kwa njia hiyo tezi hukusanya iodaidi mara 20 hadi 40 ya kiasi kilichomo kwenye damu, kisha huiunganisha na protini na kuiweka akiba ili itengenezwe homoni.

Homoni ikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutuma amri milango iongezwe na seli zikue. Pasipo iodini amri hiyo haikomi, na tezi hufura. Rovu, basi, ni tezi inayohangaika kunasa kilicho adimu. Iodaidi ikizidi, tezi yenye afya husimamisha utengenezaji kwa siku moja au mbili, halafu hupunguza milango yake.

Rovu la miaka mingi huweza kupoteza breki hiyo. Ndiyo maana Kocher aliogopa iodini itolewe ovyo, na mnamo 1910 alilipa jina tatizo la watu waliopewa dawa hiyo wakaanza kukonda huku mioyo ikienda mbio. Hofu yake haikuwa bure, ingawa nadhani iliwachelewesha waliotaka kinga kwa dozi ndogo.

Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka wa 1909, akiwa mpasuaji wa kwanza kuipata. Kufikia 1912 alikuwa amekata rovu karibu mara 5,000, na vifo vilikuwa chini ya mmoja katika kila wagonjwa 200. Mwaka huo alitoa faranga 200,000 kuanzisha taasisi ya utafiti mjini Bern.

Kocher alifariki Julai 27, 1917. Mnamo 1922 Uswisi ilianza kutia kiasi kidogo cha iodini katika chumvi, kama inavyofanyiwa chumvi ya pakiti tunayonunua madukani hapa Kenya, na katika mabonde ya Alps watoto wakaanza kukua bila rovu.