Antao, Nyota wa Mwambao Tuliyemsahau

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili mjini Malindi kuhusu asili ya maneno. Tulipokwisha kuyataja meza, leso na gereza, tuliyoachiwa na Wareno, niliandika ubaoni jina Antao, nikauliza ni la nani. Mmoja alidhani ni baharia wa Vasco da Gama. Nilipotaja Kipchoge Keino, mikono yote ilipanda.

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937 katika jamii ya Wagoa. Goa ilitawaliwa na Wareno hadi mwaka 1961, ndiyo sababu Wagoa wengi hubeba majina ya Kireno ingawa lugha yao ya asili ni Kikonkani. Antao alikuwa mtu wa mbio fupi. Alishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff mwaka 1958, kisha Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Mwaka 1962, mjini Perth, Australia, alishinda mbio za yadi 100 kwa sekunde 9.5, akaongeza ushindi wa yadi 220. Kabla yake hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa dhahabu katika michezo hiyo.

Ni vyema msomaji akumbuke hali ya mwambao wakati huo. Kwa maandishi, Mombasa, Kilifi na Malindi zilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, sehemu ya ukanda wa maili 10 ulioendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Wapo waliotaka ukanda huo ujitawale peke yake. Wapo waliopinga, akiwemo Ronald Ngala wa Kilifi. Ubishi haukufungwa hadi Oktoba 1963. Basi dhahabu hizo zililetwa Kenya na kijana wa ardhi iliyokuwa bado inagombewa, tena wa jamii ambayo hata leo baadhi yetu huiita ya wageni. Sidhani kama kuna aliyemuuliza kwao ni wapi alipokuwa akikata utepe.

Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, ile iliyoingiza judo kwa mara ya kwanza, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya huru. Hakupata nishani. Shaba ilikwenda kwa Wilson Kiprugut katika mita 800, na tangu hapo hadithi ya riadha yetu ikapanda milimani. Baadaye Antao alihamia London, akafariki huko mwaka 2011.

Husemwa kwamba amesahaulika kwa kuwa kina Keino walimfunika. Nakubali kwa sehemu tu. Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba mbio zetu ni zao la nyanda za juu na hewa yake nyepesi. Mtu wa mbio fupi aliyekulia kando ya bahari haingii katika simulizi hiyo, nasi tukaona ni rahisi kumwacha nje kuliko kuibadilisha.

Nilipokuwa nikifuta ubao, msichana mmoja aliniomba niliache jina lile kwanza. Akalinakili pembezoni mwa daftari, halafu akauliza yadi 100 ni mita ngapi. Tukapiga hesabu pamoja: mita 91 na ushei.